Ploti

Mwalimu Semhando hufundisha Kiingereza saa moja usiku,
Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli.
Jumanne aliandika neno moja ubaoni.
"Hili mnalo tayari," akasema,
"mnalifyeka, mnalipandia mihogo, mnaligombania mahakamani."
Tukacheka. Nani hajui ploti?
Kiwanja. Futi sitini kwa mia,
bikoni nne na jirani mkorofi.

Kisha akachora mshale wa pili, akaandika: njama.

Neno lile lile, akasema.
Lilianza likiwa kipande cha udongo,
udongo wa watu, hauna hatia.
Likawa ramani ya udongo huo,
likawa mpango wowote uliochorwa,
hata mpango wa hadithi, nani afe ukurasa wa ngapi.
Halafu kuna mpango unaofungiwa mlango.
"Wengine wasema liliambukizwa
na neno la Wafaransa lililofanana nalo.
Kamusi yenyewe inasitasita.
Maneno nayo hufunga ndoa zisizo na cheti."

Sisi njama hatukuitoa shambani.
Sisi twaila.
Twaila kama kiapo, kama yamini,
kama rushwa, kama mali ya yatima,
na alaye hula na wenzake,
hakuna njama ya sahani moja.

Nilikaa kiti cha nyuma, dirishani.
Chini, kijana alikuwa akinyoosha ringi,
anaizungusha, anaisikiliza, anagonga kidogo.
Nikaikumbuka ile Ijumaa ofisini,
feni ikizunguka kwa uvivu,
Bwana Mhando akiniwekea mezani karatasi ya mkono:
"Ichape vizuri. Tarehe iwe ya mwaka juzi."

Ofa. Mwakidila, Kitalu C, namba 214.
Jina la mmiliki sikulijua.
Namba niliijua.
Nilikuwa na miaka tisa nilipoipaka chokaa
juu ya bikoni ya kaskazini,
shangazi Mwanjaa amenishikia kopo,
ananiambia nne yangu imelala, niisimamishe.

Nikachapa.
Herufi kubwa, zikakaa katikati, zikapendeza.
Jumatatu nikakuta bahasha kwenye droo:
elfu themanini.
Ada ya darasa la Kiingereza, miezi miwili,
na chenji ya daftari.

"Nani atanitungia sentensi moja," akauliza mwalimu,
"yenye maana zote mbili?"
Darasa kimya.
Sentensi nilikuwa nayo.
Nilishaichapa, nakala tatu.

Jumapili nikaenda Mwakidila kwa baiskeli.
Mkonge wa mpakani umefyekwa upande mmoja,
mashina yake yametoka meupe kama fizi.
Bikoni ya kaskazini imeng'olewa;
shimo lake lina maji ya mvua,
na kwenye maji, kifuniko cha soda.
Nilitafuta jiwe lenyewe majanini.
Nililipata limelala kifudifudi.
Sikuligeuza.

Shangazi alikuwa jikoni, anasonga.
Hakuniuliza habari za ofisi.
Hilo ndilo lililonichoma: hakuuliza.
Aliuliza habari za darasa.
"Wiki hii mmesoma nini?"
"Ploti," nikasema. "Maana yake kiwanja."
Nikaishia hapo.

Akaupindua mwiko, akaukung'uta ukingoni mwa sufuria,
mara moja, mara mbili.
"Hilo hata mimi nalijua," akasema.
"Nenda kanawe."

Akaweka sinia chini, katikati yetu,
bada ingali ikitoa moshi, na mchuzi wa papa.
Akaumega upande wake, akanisubiri.
Mkono wangu ulikuwa safi. Niliutazama.
"Kula," akasema.